Martha alitoka, Mariamu akabaki: nani aliomboleza vema Bethania?

Sura ya 11 ya Injili ya Yohana ina marehemu mmoja na waombolezaji wengi, na kila mmoja analia kivyake. Lazaro wa Bethania yumo kaburini siku ya nne. Dada yake Martha, aliposikia kwamba Yesu yu njiani, hakungoja abishe hodi. Aliwaacha wageni ndani akatoka kumlaki nje ya kijiji. Dada mwingine, Mariamu, hakunyanyuka alipoketi. Nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja kuhani kutoka Yerusalemu, mwendo wa stadia 15, yaani karibu kilometa 3. Tomaso, kabla safari haijaanza, alikwisha kuwaambia wenzake kwamba bora nao waende wakafe huko pamoja na mwalimu wao. Na Yesu, aliyekuwa amewaeleza wanafunzi kuwa anakwenda kumwamsha Lazaro, alipofika alilia.

Makanisa mengi ya Kiswahili huisoma sura hii mazishini, na Wakatoliki huisoma tena Jumapili ya 5 ya Kwaresima ya mwaka A. Ibada ikiisha, watu hurudi chini ya turubai, na hapo minong'ono huanza. Mjane hatoi chozi, basi hakumpenda mumewe. Binti anagaagaa chini, basi hana imani. Mtoto wa kiume anahangaikia gari na jeneza badala ya kukaa na wazee, basi ana moyo mgumu. Mfiwa hupimwa machozi siku ambayo hana nguvu hata ya kujitetea, na wanaompima ni walewale waliokuja kumfariji. Dhuluma hiyo ndiyo inayoufanya mjadala huu uwe wa lazima.

Mjadala umepangwa kwa sauti nne, nazo zitaitwa kama zinavyoitwa parokiani. Kuna Mwalimu, katekista mwenye umri mkubwa. Kuna Mama Mwenyekiti, kiongozi wa wanawake wa jumuiya ndogo ndogo. Kuna Nesi, anayewahudumia wagonjwa ambao dawa haziwaponyi tena. Na kuna Frateri, anayemalizia masomo ya theolojia. Swali lao ni moja: kati ya dada hawa wawili, nani aliomboleza kama inavyompasa mtu wa imani?

Imani mbele, machozi nyuma

Mwalimu hana shaka. "Ni Martha," anasema. "Msimkumbuke yule wa Luka tu, aliyehangaika na kazi za jikoni. Mwangalieni huyu wa njiani. Kaka yake yuko kaburini, nyumba imejaa watu, naye amesimama barabarani anazungumza habari za ufufuo."

Ushahidi wake uko wazi. Martha anaanza kwa kumwambia Yesu kwamba laiti angekuwapo, kaka yake asingefariki. Haishii hapo. Anaongeza kuwa hata sasa anajua Mungu atampa Yesu lolote atakaloomba. Anapoambiwa kwamba kaka yake atafufuka, anajibu kwamba hilo analijua, siku ya mwisho. Na Yesu anapomuuliza kama anaamini kwamba yeye mwenyewe ndiye ufufuo na uzima, Martha anamkiri kuwa Kristo, Mwana wa Mungu. Katika Mathayo 16 ungamo kama hilo ni la Petro, kule Kaisaria Filipi. "Petro aliyasema hayo hana msiba," Mwalimu anasisitiza. "Martha aliyasema akiwa na maiti ya siku nne."

Kwake yeye, huo ndio uombolezaji wa Kikristo. Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, iliyoandikwa yapata mwaka 50, aliwataka waamini wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anamruhusu mtu amlilie maiti wake na kumzika kwa heshima, kisha anamtaka ajitulize, kwa sababu majonzi humaliza nguvu na marehemu harudi. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia na baadaye Konstantinopoli, aliwakemea vikali waliokodi wanawake wa kulia, hata akatishia kuwazuia kuingia kanisani.

"Tumefanya msiba kuwa jukwaa," Mwalimu anamalizia. "Mtu hajamtembelea mgonjwa mwaka mzima, lakini siku ya mazishi ndiye anayeshikwa na watu wanne asijitupe kaburini."

Hoja hiyo ina uzito, na yeyote aliyewahi kukaa msibani anaijua. Tatizo lake ni kwamba haimgusi Mariamu. Yeye hakukodiwa na mtu.

Nani alimliza Yesu?

Mama Mwenyekiti amesikiliza mikono ikiwa magotini. "Mwalimu, nimekusikia, na kuhusu hao wa kujitupa kaburini nakuunga mkono. Ila umesoma upande mmoja wa nyumba. Yesu alizungumza na Martha, sikatai. Je, ni mbele ya nani alitoa machozi?"

Anawarudisha kwenye masimulizi hatua kwa hatua. Martha anarudi nyumbani na kumnong'oneza mdogo wake, au mkubwa wake, maana Injili haisemi, kwamba Yesu anamwita. Mariamu anainuka upesi. Anafika, anaanguka miguuni pa Yesu, na anasema jambo lilelile alilolisema dada yake: laiti ungekuwapo. Tofauti ni kwamba yeye anaishia hapo. Hataji ufufuo, hataji siku ya mwisho, hatoi ungamo lolote.

"Na Yesu hakumpa somo," Mama Mwenyekiti anasema. "Hakumwuliza kama anaamini. Alimwona analia, akawaona na wale waliokuja naye wanalia, moyo wake ukachafuka, akauliza mmemlaza wapi. Kisha akalia yeye. Martha alikwenda na maneno, akajibiwa kwa maneno. Mariamu alikwenda na machozi, akajibiwa kwa machozi. Wewe, Mwalimu, unataka wote wawili wapewe mahubiri."

Kisha anawatetea wageni, ambao wahubiri wengi huwapita haraka. Mariamu alipoinuka ghafla, wageni nao waliinuka wakamfuata, wakidhani anakwenda kulia kaburini. Hawakujua chochote kuhusu Yesu kusubiri nje ya kijiji. Walichojua ni kwamba mfiwa haachwi aende kaburini peke yake. "Hiyo ni kazi," anasema Mama. "Kumwangalia mfiwa anapoinuka, anapokwenda, kama amekula, kama amelala. Sisi wanawake tunaolala msibani tunaijua."

Desturi za wakati ule zinamuunga mkono. Wayahudi walizika siku ileile ya kifo kila ilipowezekana, na siku nzito za kilio zilifuata baada ya maziko. Yosefu alimwombolezea baba yake siku 7, na Sira naye anataja siku 7. Kwa Haruni, na baadaye kwa Musa, taifa lilikaa kilioni siku 30. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200, imehifadhi maoni ya Rabi Yuda kwamba hata Mwisraeli maskini kabisa, mkewe akifa, asipungukiwe na wapiga zumari wawili na mwanamke mmoja wa kuongoza kilio. Kilio kilikuwa deni, sehemu ya heshima aliyostahili marehemu.

Mwalimu anashika neno hapohapo. "Zumari! Hata nyumbani kwa Yairo zilikuwapo, na Yesu aliwatoa nje wale watu."

"Kwa mujibu wa Marko, aliwatoa baada ya wao kumcheka," Mama Mwenyekiti anajibu. "Aliyekuwa analia sasa hivi akageuka kucheka, huyo alikuwa mwongo tangu mwanzo. Bethania kulikuwa na umati pia. Nionyeshe aliyetolewa."

Mwalimu anatabasamu, hana la kuonyesha.

Frateri anaongeza jambo kwa adabu. "Mwalimu, naomba niseme kidogo kuhusu Krisostomo. Ni kweli aliwakemea waliaji wa kukodi. Lakini huyohuyo, alipoifafanua sura hii, alikubali kwamba kulia kunaruhusiwa, maana Bwana mwenyewe alilia. Alichokataza ni kuvuka kiasi."

"Na kiasi nani anakipima?" Mama anauliza. Swali hilo linampa Nesi nafasi.

Martha wawili, Mariamu wawili

"Mwalimu anamchagua Martha, Mama anamchagua Mariamu," anasema Nesi. "Mimi nawaona wote wawili wodini kila wiki, na mara nyingi ndani ya mtu mmoja."

Anasimulia kitu ambacho kila muuguzi amekiona. Mgonjwa amekata roho alfajiri. Shangazi wanalia ukumbini. Kijana wa marehemu hatoi sauti. Anauliza karatasi za kuchukulia mwili zinasainiwa wapi, gari la kwenda kijijini linakodiwa kwa kiasi gani, nani atampigia simu babu. Anaandika namba kwenye kiganja kwa sababu hajapata karatasi. Ukoo unamtazama kwa jicho baya. Hakuna anayegundua kwamba kalamu inamtetemeka.

Watafiti wa Marekani Terry Martin na Kenneth Doka wamewaelezea watu wa aina hiyo. Wapo waombolezaji ambao huzuni yao hutoka kama hisia: wanalia, wanataka kusimulia, wanataka kushikwa mkono. Wapo ambao huzuni yao hutoka kama fikra na kazi: wanapanga, wanajenga kaburi, wanatafuta sababu. Wengi wako katikati. Martin na Doka walisisitiza pia kwamba mgawanyo huo haufuati jinsia moja kwa moja, na Bethania inalithibitisha hilo vizuri, kwa kuwa wanaotofautiana ni wanawake wawili wa nyumba moja na anayelia mbele ya umati ni mwanamume.

Nesi ana onyo pia kwa wale waliohudhuria semina za ushauri nasaha. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi, alitoa mwaka 1969 kitabu kilichozitangaza hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana na Mungu, huzuni nzito na kukubali. Alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokaribia kufa katika hospitali ya Chicago. Baadaye watu wakazichukua na kuwavika wafiwa, kana kwamba kila mjane lazima apite vituo vitano kwa zamu. Watafiti wa Uholanzi Margaret Stroebe na Henk Schut walipendekeza mwaka 1999 picha nyingine: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii anazama katika uchungu, saa ijayo anafikiria ada ya shule, jioni anazama tena. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakompa nafasi ya kupumua.

"Sasa turudi kwa Martha wako, Mwalimu," Nesi anasema. "Ungamo lake liko mstari wa 27. Fika mstari wa 39."

Pale kaburini Yesu anaagiza jiwe liondolewe. Ni pango, na jiwe limeegemezwa mlangoni. Anayezuia ni Martha. Anakumbusha kuwa ni siku ya nne, na kwamba maiti sasa ananuka. Mwanamke aliyekiri ufufuo barabarani muda mfupi tu uliopita, mbele ya jiwe anafikiria harufu: kile ambacho kingewapata majirani wote waliosimama pale, na aibu ya kuonekana kwa kaka yake katika hali ile.

"Imani yake ilikwisha? Hapana. Alikuwa ameingia upande wa pili wa msiba. Mtu anaweza kuimba wimbo wa ufufuo saa nne asubuhi, na saa sita akashindwa kutazama udongo ukimwagwa. Na Mariamu mnayemwita mtu wa machozi, fungueni sura ya 12."

Katika sura hiyo, siku sita kabla ya Pasaka, kuna karamu Bethania. Martha anahudumu, kama kawaida yake, na safari hii anamhudumia pia kaka aliyemzika. Mariamu analeta ratili ya marhamu ya nardo, anaipaka miguu ya Yesu, anaifuta kwa nywele zake. Yuda anakadiria kuwa ingeuzwa dinari 300. Yesu anayahusisha mafuta hayo na maziko yake mwenyewe. Yule aliyekuwa ameketi ndiye sasa anayetenda, na anatenda mapema kuliko wote.

Malalamiko ambayo hayakukemewa

Frateri amekuwa akisubiri zamu yake, na anapoipata anakwenda kinyume na wote watatu. "Wazazi wangu, naomba tusiigeuze Bethania kuwa kliniki ya ushauri. Yohana anasema mwishoni mwa sura ya 20 kwa nini ameandika: ili watu waamini. Hakuandika mwongozo wa namna ya kulia. Na kuna jambo gumu katika sura hii ambalo hakuna aliyeligusa. Yesu alichelewa."

Ni kweli. Dada hao walituma ujumbe kaka yao angali mgonjwa. Yesu alipoupokea alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Kwa hiyo maneno ya Martha na Mariamu kwamba laiti angekuwapo yana makali. Ni malalamiko. Baadhi ya wageni wanayarudia kwa namna yao: aliyemfungua macho kipofu alishindwa nini kumzuia huyu asife? Kifo cha Lazaro kina kesi ndani yake, na mshtakiwa amesimama hapo hapo.

"Tunavyofanya sisi," Frateri anaendelea, "mama akisema Mungu umeniacha, watu watatu wanamrukia: nyamaza, usikufuru, kazi ya Mungu haina makosa. Bethania hakuna aliyesema kazi ya Mungu haina makosa. Martha hakusema. Mariamu hakusema. Yesu, aliyekuwa na haki ya kusema kuliko wote, hakusema pia. Aliyapokea malalamiko mara mbili, maneno yaleyale, na hakumkemea hata mmoja."

Mwalimu anapinga. "Frateri, mwanangu, msemo huo umewashika watu wasianguke. Nimeusikia kwa mama yangu akizika."

"Mama yako aliusema mwenyewe, Mwalimu. Mfiwa akiusema, ni sala. Mgeni akimwambia mfiwa, mara nyingi ni kumfunga mdomo."

Maandiko yenyewe yamejaa malalamiko ya namna hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na bado ikawekwa katika kitabu cha sala. Historia ya Kanisa nayo ina shahidi mmoja aliyejaribu kujifunga mdomo mwenyewe. Augustino alifiwa na mama yake Monika mwaka 387 huko Ostia, bandari ya Roma. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo anasimulia jinsi mwanawe Adeodato alivyoangua kilio na waliokuwapo wakamnyamazisha, kwa kuwa waliona haifai kumlilia mwanamke aliyekufa vema. Augustino akazuia machozi. Alizungumza na wageni kwa utulivu hata wakadhani haumii. Alikwenda kuoga akitumaini maji yangemwondolea uchungu, hayakumwondolea. Alilala, akaamka, na ndipo akiwa peke yake kitandani alipoyaachia. Miaka kama kumi baadaye, akiwa tayari askofu, aliona inafaa kuandika habari hizo zote, na kumwomba msomaji atakayemlaumu kwa machozi yale amlilie yeye badala ya kumcheka.

Karne nyingi baadaye, upande wa pili wa mgawanyiko wa Kanisa, Jean Calvin aliwashambulia wale aliowaita Wastoa wapya, Wakristo waliohesabu kuugua na kulia kuwa kasoro. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Kristo mwenyewe aliugua na kulia. Katika jambo hili, watu ambao wangebishana kuhusu mambo mengi wanakutana Bethania.

Wao walirudishiwa ndugu yao

Hapo Mama Mwenyekiti anauliza swali zito kuliko yote, na analiuliza polepole. "Frateri, hao dada walimpata kaka yao siku ileile. Wetu hawatoki. Tunapowasomea watu sura hii mbele ya jeneza, hatuwaumizi?"

Mwalimu anajibu kwamba Lazaro alikufa tena baadaye. Hata sura ya 12 inasema makuhani wakuu walipanga kumwua. Ishara ilielekeza kwenye ufufuo mwingine, wa kudumu. Jibu ni sahihi, ila Mama anatikisa kichwa. Anataka watu ambao hawakurudishiwa mtu.

Frateri anampa Rispa. Habari zake ziko katika 2 Samweli 21. Wanaume saba wa ukoo wa Sauli, wawili kati yao wana wa Rispa, waliuawa na miili yao ikaachwa mlimani. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hadi mvua iliponyesha. Mchana aliwafukuza ndege, usiku aliwafukuza wanyama wa mwitu. Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Mfalme Daudi aliposikia, aliagiza mifupa ya Sauli na Yonathani iletwe, pamoja na ya wale saba, na maziko yakafanyika. "Huyo sasa ni Martha au Mariamu?" Frateri anauliza. Hakuna anayejibu, kwa kuwa ni wote wawili.

Daudi naye aliomboleza kwa njia mbili zinazopingana. Mtoto wake wa kwanza kwa Bathsheba alipougua, alifunga na kulala chini siku kadhaa. Mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akala, na watumishi wake wakashangaa. Mwanawe Absalomu alipouawa, mfalme huyohuyo alipanda chumba cha juu ya lango akalia kwa sauti, hata askari walioshinda vita wakaingia mjini kwa kunyatia kama watu walioshindwa, na Yoabu, jemadari wake, akaja kumkaripia.

"Yoabu alikuwa na haki," Mwalimu anasema. "Kiongozi ana watu wanaomtegemea."

Nesi anakubaliana naye kwa sehemu. "Huzuni inaweza kumzamisha mtu, hilo siwafichi. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, limeutaja ugonjwa wa huzuni iliyorefuka: uchungu mkali unaoendelea si chini ya miezi 6, uliopita kiwango cha desturi na dini ya jamii husika, hadi mtu hawezi kuendesha maisha yake. Huyo anahitaji tiba, na kumwambia aongeze imani ni kumtelekeza. Ila angalieni: kipimo ni miezi, na ni kama maisha yamesimama. Ugonjwa huo haupimwi kwa machozi ya siku ya mazishi."

Kilio cha nani kwanza?

Kwa upande wa gazeti hili, sura yenyewe imetoa uamuzi kuhusu swali la mwanzo. Yesu alisimama nje ya kijiji na kumwacha kila dada amjie kivyake. Aliyetaka mazungumzo aliyapata, na aliyeshindwa kuzungumza hakulazimishwa. Hakumwambia Martha ajifunze kulia kama mwenzake, wala hakumwambia Mariamu ajifunze kukiri kama mwenzake. Waliojirekebisha kwa wafiwa ni wafariji, naye wa kwanza wao. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kuliweka hilo sawa: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mgeni anayekuja na kipimo chake cha machozi amejitanguliza, awe ni anayedai kilio zaidi au anayedai kimya.

Na wageni wa Bethania hawakuachwa watazamaji. Aliyeweza kumwita mfu atoke aliwauliza watu kaburi liko wapi, akawaagiza wao waondoe jiwe, na Lazaro alipotoka amefungwa vitambaa mikononi, miguuni na usoni, akawaagiza wao wamfungue. Kazi ya mikono iliachiwa jamii.

Mama Mwenyekiti analishika hilo na kuligeuza kuwa pendekezo kwa jumuiya. Mfiwa asiambiwe nyamaza. Anayetaka kushughulika na gari na sufuria aachwe ashughulike, bila kuitwa mgumu. Na matanga yakianuliwa, ziara ziendelee, kwa sababu turubai likishushwa ndipo nyumba inapobaki na watu wake.

Mwalimu anakubali mawili ya mwanzo, lakini anashikilia lake: mahubiri ya ufufuo yatolewe kaburini, yasipunguzwe hata kidogo. Mama hana ugomvi na hilo, mradi familia iulizwe kwanza ni nani azungumze na kwa muda gani. Mwalimu anasema familia haipangi Injili. Hapo hawajakubaliana.

Nesi anauliza kuhusu utekelezaji. Daftari la rambirambi lina majina na namba za simu za wote waliofika, na kwa kawaida hufungwa michango ikishahesabiwa. Anapendekeza lifunguliwe tena: majina yagawanywe wawili wawili, kila jozi ipewe wiki yake ya kumtembelea mfiwa, hadi miezi sita itimie. Frateri anaomba jozi ya kwanza iwe yeye na Mwalimu.